Mizani ya pamba na kura za Mwanza: Paul Bomani bungeni

Mkazi wa Buswelu akiwa na shida na manispaa leo hana haja ya kupanda daladala kwenda mjini. Tangu Ilemela ijitenge na Jiji la Mwanza mwaka 2012, ofisi zimemfuata hapohapo. Enzi za mkoloni, serikali aliyoijua mkulima wa upande huu wa ziwa ilikuwa mtemi, karani wa kodi, na mizani ya mnunuzi wa pamba. Hiyo ya tatu ndiyo iliyomtoa Paul Bomani.

Alizaliwa Musoma mwaka 1925, mtoto wa mchungaji wa Kisabato. Alikuwa karani kwenye mgodi wa almasi wa Mwadui, kisha akaingia katika ushirika wa wafanyabiashara Waafrika wa Mwanza. Huko alikutana na kilio cha wakulima: gunia linatoka nyumbani zito, likifika kwa mnunuzi limepungua. Wakulima wakaweka wapimaji wao wenyewe, wasimame vituoni na kuhakiki uzito. Hakuna hotuba ya siasa ambayo ingewakusanya Wasukuma haraka namna ile. Mwaka 1955 ukaundwa muungano wa vyama vya ushirika, Victoria Federation, Bomani akiwa meneja mkuu. Kufikia uhuru ulikuwa miongoni mwa vyama vikubwa kabisa vya ushirika barani Afrika.

Serikali ilikuwa imezuia matawi ya TANU Usukumani tangu 1954 hadi 1958. Ushirika haukuzuiwa. Mkutano wa bei ya pamba ulikuwa halali, na aliyekuja kusikiliza bei hakuziba masikio yaliposemwa mengine. Bomani mwenyewe alikuwa tayari ameteuliwa kuingia Baraza la Kutunga Sheria, akawa mtu wa kambi mbili: mchana na magavana, jioni na wakulima. Nadhani hapo ndipo alipojifunza upole uliomdumisha serikalini.

Mwaka 1960 akawa Waziri wa Kilimo, na 1962 Waziri wa Fedha, Mwafrika wa kwanza nchini kushika hazina. Njia ilikuwa nyeupe mno. Katika uchaguzi wa 1960 TANU ilitwaa viti 70 kati ya 71, na wagombea 58 walipita bila kupingwa. Wananchi wengi hawakupata hata nafasi ya kumkataa mtu.

Nafasi ilikuja Septemba 1965. Chama kilikuwa kimoja, lakini karibu kila jimbo liliwekewa wagombea wawili, mmoja kwa alama ya jembe, mwingine ya nyumba. Mwanza Mashariki ikamwangusha Waziri wa Fedha. Tukumbuke ni nani aliyeangushwa: mtu aliyewapigania wakulima hao kwenye mizani! Ila sasa alikuwa upande wa pili wa meza, na kodi ikiuma, anayelaumiwa ni mwenye hazina. Ushirika nao ulikuwa umenenepa, ukianza kunung'unikiwa na walewale walioujenga; mwaka uliofuata serikali iliunda tume kuuchunguza.

Mwalimu Nyerere hakukubali kumpoteza. Alimteua kuwa mbunge, akampa wizara ya mipango ya uchumi. Kwa maslahi ya nchi changa yenye wataalamu wachache uamuzi ule unaeleweka. Kwa mpiga kura wa Mwanza, ulikuwa ni kuambiwa kwamba kura yake imesikika na maisha yanaendelea.

Bomani alikwenda mbali baada ya hapo: balozi nchini Marekani tangu 1972 hadi 1983, waziri tena, na mkuu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hadi alipofariki mwaka 2005. Wanaomkumbuka hutaja ushirika kwanza, ubunge baadaye, na wana haki.

Mwanza haikuacha tabia yake. Mwaka 2010 Nyamagana ilimkataa Lawrence Masha, Waziri wa Mambo ya Ndani aliyekuwa madarakani, na Ilemela, Buswelu ikiwemo, ikamwondoa Anthony Diallo aliyepata kuwa waziri. Viti vyote viwili vilichukuliwa na CHADEMA, na miaka mitano baadaye wapiga kura walewale wakavirudisha CCM.