Mashavu mekundu ya Mambasa na historia ya leza

Mambasa iko kando ya barabara ya taifa namba 4, ndani ya msitu wa Ituri, na kama kwingine mashariki mwa Kongo, wako wanaojichubua. Mtazame kwa karibu aliyejipaka mkorogo kwa miaka: vifundo vya vidole vimebaki vyeusi, mashavu yana wekundu usioisha, na kando ya pua vimejichora vimishipa vyembamba kama nyuzi za buibui. Jua la saa sita likimpiga, uso unawaka.

Mara nyingi chanzo ni steroidi zilizomo katika mkorogo huo. Mwaka 1952 huko New York, Marion Sulzberger na Victor Witten walionyesha kuwa haidrokotisoni, steroidi ya kupaka, hutuliza ukurutu. Kwa wagonjwa ilikuwa neema kubwa. Baadaye zikaja dawa kali zaidi, betamethasoni na klobetasoli. Hizi hubana mishipa ya damu, ndiyo maana siku za mwanzo ngozi hung'aa. Zikipakwa miezi na miezi, ngozi hukonda na mishipa hutanuka. Ukiacha ghafla, uso hulipuka kwa wekundu na muwasho, na wengi huurudia mrija uleule wa krimu. Mtego wenyewe ndio huo.

Tiba ya mishipa hiyo ilianzia mbali. Mei 16, 1960, Theodore Maiman aliwasha leza ya kwanza huko Malibu, California. Leon Goldman, daktari wa ngozi wa Cincinnati, alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuijaribu kwenye ngozi ya binadamu. Leza za argoni zilizofuata zilififisha alama nyekundu za kuzaliwa, lakini mara nyingi ziliacha makovu. Mwaka 1983 Rox Anderson na John Parrish wa Boston wakaeleza njia: tumia mwanga unaofyonzwa na damu, upige kwa muda mfupi mno, mshipa uungue kabla joto halijasambaa. Ndipo ikaja leza ya nanomita 585, baadaye 595.

Tatizo ni kwamba melanini, rangi ya ngozi, nayo huufyonza mwanga huo. Ngozi nyeusi inaweza kuungua na kubaki na madoa, kwa hiyo madaktari wengi huchagua leza ya Nd:YAG ya nanomita 1064, na hujaribu kwanza sehemu ndogo. Kumkabidhi mama mwenye ngozi iliyokonda kwa mtu mwenye mashine asiyeijua ngozi yetu ni kumwongezea jeraha.

Wataalamu wanaoijua ngozi hiyo wanasomeshwa tangu 1992 katika kituo cha kikanda cha magonjwa ya ngozi, katika hospitali ya KCMC, Moshi, Tanzania. Lakini kuzuia ni bora zaidi: nchini Rwanda, mwishoni mwa 2018, polisi walianza kuondoa madukani vipodozi vyenye haidrokwinoni na zebaki, kemikali nyingine za kujichubua. Hatua hiyo naithamini kuliko mashine yoyote, kwa sababu wekundu wa krimu hautibiki wakati krimu bado inapakwa.

Anayetaka kuacha aende hospitali na mrija wake mkononi. Daktari asome kilichomo, ampangie namna ya kupunguza polepole. Leza, ikihitajika, itangoja ngozi itulie.