Nyumba Isiyo na Paa

Siku niliyoingia darasa la tatu, mwalimu wa zamu aliazima kofia ya mlinzi, akatia vikaratasi vilivyokunjwa, akatupitishia mstarini mmoja mmoja. Changu kilisema njano. Dada yangu, aliyekuwa la tano, alikwisha kuangukia buluu miaka miwili kabla. Jioni ile mama alichana kipande cha kanga kuukuu ya manjano, akakibana kwa pini begani mwa shati langu, kisha akatutazama sote wawili. "Kwa hiyo ninyi sasa ni wa nyumba mbili? Na mimi ni mama wa nyumba ipi?"

Alikuwa na haki ya kuuliza. Kwetu nyumba ni kuta na pia ni ukoo; ukisema fulani ni mtu wa nyumba ile, umeshataja na babu yake. Shule yetu, ambayo ilikuwa ya kanisa, haikuwa na bweni hata moja. Saa nane mchana kila mtu alishika njia ya kwao. Nyumba zetu nne zilikuwa kitambaa begani, mahali pa kusimama asubuhi, na safu nne za namba kwenye ubao nje ya ofisi ya mwalimu mkuu. Lakini asili ya utaratibu huo ni nyumba za kweli kabisa, zenye vitanda, meko na watoto waliolilia mama zao usiku.

Mwaka 1382 Askofu William wa Wykeham alianzisha shule Winchester, kusini mwa Uingereza, kwa ajili ya wanafunzi 70. Waliwekwa katika vyumba, na kanuni zake zikaagiza kila chumba kiwe na wakubwa watatu wenye busara wa kuwaangalia wadogo. Jumla walikuwa viranja 18. Kila kiranja wa Afrika Mashariki aliyewahi kuandika majina ya wapiga kelele darasani ana babu yake pale. Huko Eton, shule iliyoanzishwa mwaka 1440, wanafunzi waliozidi nafasi za ufadhili walipanga mjini, wengi wao kwa akina mama waliowauzia chakula na malazi. Nyumba hizo zilikuwa biashara. Mama mwenye nyumba alimjua mtoto kwa kodi na kwa sahani yake, na mambo ya darasani hayakumhusu.

Aliyeibadilisha biashara hiyo kuwa malezi ni Thomas Arnold, kasisi wa Kianglikana aliyeshika uongozi wa shule ya Rugby mwaka 1828. Kila nyumba ya kupanga iliyoachwa wazi aliikabidhi kwa mwalimu. Sasa mtu yuleyule aliyefundisha Kilatini asubuhi ndiye aliyekula na vijana jioni na kusali nao kabla ya kulala. Arnold alifariki mwaka 1842, na riwaya ya mwanafunzi wake Thomas Hughes, iliyotoka mwaka 1857, ikampa sifa ambazo huenda zilizidi kazi yake. Mimi namlaumu kwa jambo moja: aliwaachia vijana wakubwa fimbo na haki ya kutumikiwa na wadogo, na tabia hiyo ilivuka bahari pamoja na mema yake.

Paa lilianza kuondoka Bristol. Chuo cha Clifton kilifunguliwa mwaka 1862, na mkuu wake wa kwanza, John Percival, alikuwa na wavulana wengi waliotoka majumbani kwao kila siku. Shule nyingi za aina ile ziliwahesabu watoto kama hao kuwa wapita njia. Percival aliwagawa kwa upande wa mji walikotoka, akaunda Mji wa Kaskazini na Mji wa Kusini, akawapa hadhi ya nyumba sawa na waliolala shuleni. Tangu hapo ikawezekana kuwa mtu wa nyumba usiyolala. Bila Percival, kofia ya yule mlinzi isingekuwa na kazi.

Na zile alama za ubaoni? Hizo zina mzee mwingine, tena Mkatoliki. Wajesuiti, katika mwongozo wao wa elimu wa mwaka 1599, waligawa darasa kambi mbili, mara nyingi zikiitwa Roma na Karthago. Kila mwanafunzi alikuwa na mpinzani wake upande wa pili, kazi yake kumkosoa kila anapoteleza. Basi shule ya msingi ya leo, iwe ya Kianglikana, ya Kilutheri au ya masista, imerithi malezi kwa Arnold na mashindano kwa Wajesuiti, ingawa walimu wachache wangekubali kukaa meza moja na wote wawili.

Misheni ya Vyuo Vikuu, iliyotokana na wito wa David Livingstone pale Cambridge mwaka 1857, ilileta Zanzibar walimu waliokulia katika desturi hizo. Shule yao ya Kiungani ilikuwa ikisakata kandanda kabla karne ya 19 haijaisha. Uganda, King's College Budo ilifunguliwa mwaka 1906, na nyumba zake zikaja kubeba majina ya nchi, Uturuki ikiwamo. Alliance High School ya Kikuyu, iliyoanza mwaka 1926, iliweka majina ya wamisionari kama Livingstone na Arthur, lakini pia la Aggrey, mwalimu Mwafrika kutoka Gold Coast. Shule za msingi ziliwatazama kaka zao wakubwa, zikaiga.

Kuigwa kwa nyumba hizo hakukuwa kugumu, kwa kuwa mchezo wenyewe haukuwa mgeni. Lamu ilikwisha kugawanyika mitaa ya Mkomani na Langoni. Katika ngoma ya beni, vikundi vya Marini na Arinoti vilishindana kwa sare, vyeo na tarumbeta mpaka mfuko ukatoboka. Mzungu alidhani anafundisha moyo wa ushindani; wenyeji walikuwa wakiusubiri uanze tu.

Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere, katika Elimu ya Kujitegemea, aliikosoa shule inayomfundisha mtoto kujitanguliza mbele ya wenzake. Mwaka 1970 shule za misheni Tanzania zikataifishwa. Sera ya mwaka 1995 ilipopanua nafasi ya shule binafsi na za makanisa, nyumba zikarudi, nyingine zikiwa na majina ya milima badala ya maaskofu.

Kwetu, njano ilikuwa Kilimanjaro. Alama zilitolewa kwa usafi, kwaya, kukariri maandiko na mbio za magunia, zikakatwa kwa utoro na uchelewaji. Ijumaa moja niliipotezea Kilimanjaro alama tano: nilichelewa siku tano mfululizo. Vijana wa la saba walininunia, na kiranja wetu akatangaza jina langu mstarini. Mwalimu mlezi wa nyumba hakusema kitu. Jumamosi tulisikia kengele ya baiskeli uani kwetu. Alikuwa yeye. Aliketi kwenye kigoda, akanywa maji, akaambiwa kwamba mama amelazwa na mimi ndiye niliyekuwa nikipeleka uji hospitali alfajiri. Jumatatu, zile alama tano zilifutwa ubaoni kwa kiganja, bila maelezo.

Shule ninazotembelea siku hizi zina mbao za kupendeza, nyingine hata programu ya kompyuta ya kujumlisha alama. Nikiuliza mlezi wa nyumba ya buluu ni nani, watoto hutazamana.

Mwisho wa mwaka ule mwalimu mkuu alitoa ngao ya zamani iliyokutwa stoo ya kanisa. Vibati vyake vya shaba bado vilisomeka majina ya nyumba za maaskofu: Steere, Smythies, Weston. Nyumba ya Usambara ndiyo iliyoshinda, na fundi saa wa sokoni akalichonga jina lake chini ya Weston kwa herufi zilizopinda. Mama, aliyekwisha kupona, alikaa mstari wa mbele. Zilipoitwa nyumba moja baada ya nyingine, alizipigia makofi zote nne, asije akakosea ya kwake.