Kusoma sheria huku ukifanya kazi: Hatua mbili kwa mkazi wa Kashozi

Na Mwandishi Wetu, Bukoba

MKAZI wa Kashozi, kaskazini mwa mji wa Bukoba, anayetaka kuwa wakili bila kuacha kazi inayomlisha, hana budi kufahamu kwamba safari hiyo ina hatua mbili zisizofanana. Ya kwanza huweza kwenda sambamba na kazi. Ya pili humtaka ajipange upya.

Hatua ya kwanza ni shahada ya sheria. Kitivo cha kwanza cha sheria nchini kilifunguliwa Dar es Salaam mwaka 1961 kikiwa na wanafunzi 14, na kwa miaka mingi aliyetaka elimu hiyo alilazimika kuhamia chuoni. Nafuu ilikuja baada ya kutungwa kwa sheria ya mwaka 1992 iliyoanzisha Chuo Kikuu Huria cha Tanzania. Chuo hicho hufundisha sheria kwa njia ya masafa na kina kituo mkoani Kagera. Kwa utaratibu huo, mwalimu, karani au mnunuzi wa kahawa anaweza kusoma jioni akiwa nyumbani kwake.

Kwa mwajiriwa, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 ni msaada mkubwa. Saa za kawaida za kazi hazipaswi kuzidi 45 kwa wiki, kazi ya ziada huhitaji makubaliano, na likizo ya mwaka ni siku 28 zenye malipo. Hata hivyo, mwajiri ndiye mwenye mamlaka ya kupanga wakati wa likizo, hivyo ni busara kumjulisha mapema tarehe za mitihani.

Hatua ya pili ni mafunzo ya mwaka mmoja katika Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2007 na yenye makao yake Dar es Salaam, takriban kilomita 1,400 kwa barabara kutoka Bukoba. Hapa mwanafunzi huhudhuria darasani, kisha hupelekwa kwenye mafunzo ya vitendo. Ni vigumu kuendelea na kibarua cha Kashozi.

Ugumu wa hatua hiyo ulidhihirika Oktoba 2022, pale ilipobainika kuwa kati ya watahiniwa 633, waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26. Wengine 342 walitakiwa kurudia baadhi ya mitihani na 265 waliondolewa. Serikali iliunda kamati chini ya Dk. Harrison Mwakyembe kuchunguza suala hilo, na mjadala ukagusa ubora wa elimu tangu vyuoni.

Kwa anayesoma huku akifanya kazi, takwimu hizo ni onyo. Shahada iliyopatikana kwa kusoma juujuu, kwa sababu ya uchovu wa kazi, hudaiwa baadaye. Aidha, nauli, ada na pango la mwaka huo wa Dar es Salaam vinapaswa kuanza kuwekewa akiba tangu mwaka wa kwanza wa shahada, wakati mshahara ungali unaingia.