Kipimo cha damu kinachofichua kifua kikuu kilicholala

Mtu anaweza kuishi miaka mingi akiwa na bakteria wa kifua kikuu mwilini bila kukohoa wala kukonda. Shirika la Afya Duniani, WHO, linakadiria kuwa karibu robo ya watu duniani wamewahi kuambukizwa bakteria hao. Kati ya kila 100 walioambukizwa, 5 hadi 10 huugua baadaye.

Mbiu ya kinga

Chembe nyeupe za damu zilizowahi kupambana na bakteria hao huwakumbuka. Zikikutana nao tena hutoa protini iitwayo interferoni gama, ambayo ni kama mbiu ya kuziita chembe nyingine za kinga. Kipimo huisikiliza mbiu hiyo.

Damu hutiwa katika vichupa vyenye protini za bakteria, kisha huwekwa katika nyuzijoto 37 kwa saa 16 hadi 24. Kichupa kimoja huachwa bila protini hizo, kwa ajili ya kulinganisha.

Rangi hutoa jibu

Kiasi cha interferoni hupimwa kwa njia ya ELISA, iliyoelezwa mwaka 1971 na Eva Engvall na Peter Perlmann wa Sweden. Vishimo vya sahani ya plastiki hupakwa kingamwili zinazonasa interferoni gama pekee. Kingamwili nyingine, zilizounganishwa na kimeng'enya, huishika protini iliyonaswa. Vishimo huoshwa, kisha hutiwa kemikali inayobadilika rangi. Kadiri rangi inavyokolea, ndivyo protini ilivyo nyingi.

Protini zinazotumika hazimo katika chanjo ya BCG. Hivyo, tofauti na kipimo cha ngozi, aliyechanjwa utotoni hadhaniwi kimakosa kuwa ameambukizwa.

Si hukumu

Hata hivyo, kipimo hakitofautishi maambukizo yaliyolala na ugonjwa wenyewe; picha ya kifua na uchunguzi wa makohozi bado vinahitajika. Kwa mtu ambaye kinga yake imedhoofishwa na virusi vya HIV, mbiu yaweza kuwa hafifu na jibu likakosa uhakika.

Mwaka 2015 Uingereza ilianzisha mpango wa kuwapima hivyo wahamiaji vijana, wakiwemo wanaotoka Afrika Mashariki. Anayekutwa na maambukizo yaliyolala hawezi kumwambukiza mwingine, na dawa za miezi 3 hadi 6 hupunguza sana hatari ya kuugua.