Norwei na Gari la Umeme: Msamaha Uliotolewa Kabla ya Wanunuzi

Mwaka 2024, kati ya kila magari mapya 100 ya abiria yaliyosajiliwa Norwei, karibu 89 yalikuwa ya umeme mtupu. Hakuna nchi nyingine iliyokuwa imefika huko. Wanaoitazama kwa mbali husema kwamba Wanorwei wanapenda mazingira kuliko watu wengine, au kwamba wana fedha za mafuta za kuchezea. Maelezo yote mawili yana chembe ya ukweli, lakini hayatoshi, na anayetaka kuelewa hana budi kurudi nyuma, hadi siku ambazo hata gari la petroli lilikuwa jambo la kuomba.

Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Norwei ilikuwa na upungufu mkubwa wa fedha za kigeni. Haikuwa na viwanda vikubwa vya magari, na kila gari lililoingia nchini lilinunuliwa kwa fedha ambazo serikali ilizihitaji kwa ujenzi. Kwa hiyo gari jipya lilipatikana kwa kibali tu: mwananchi aliomba, akaeleza sababu, akasubiri. Utaratibu huo uliondolewa Oktoba 1960, lakini mtazamo uliouzaa haukuondoka nao. Gari liliendelea kuhesabiwa kuwa anasa, na mahali pa kibali pakachukuliwa na kodi. Mnunuzi alilipa ushuru wa usajili, ambao baadaye ulipimwa kwa uzito wa gari na kwa gesi inayotoka kwenye bomba lake, kisha akalipa Kodi ya Ongezeko la Thamani, VAT, ambayo leo ni asilimia 25. Gari la kawaida kabisa likawa ghali Norwei kuliko katika nchi nyingi za Ulaya.

Hapa ndipo penye mzizi wa habari yote. Serikali iliyokwisha kuweka kodi nzito ina kitu kikubwa cha kusamehe. Haikulazimika kutoa fedha mkononi ili kumvutia mnunuzi, ilitosha kutochukua. Nchi inayotoza magari kodi ndogo haina nafasi hiyo, na hili husahauliwa mara nyingi na wanaosema kwamba njia ya Norwei inaweza kuigwa popote.

Mwanzo wenyewe ulikuwa wa kelele. Mwaka 1989 mwanaharakati Frederic Hauge wa shirika la mazingira la Bellona, pamoja na Morten Harket na Magne Furuholmen, wanamuziki wa bendi ya a-ha iliyokuwa ikivuma duniani, walileta kutoka Uswisi gari dogo la Fiat Panda lililobadilishwa kutumia umeme. Walilipitisha kwenye barabara za kulipia na kukataa kulipa. Faini zikalimbikizana, gari likakamatwa, likapigwa mnada, na wenyewe wakalinunua tena kwa bei ndogo. Magazeti yakaandika, watu wakacheka, na hoja ikapenya: kwa nini gari lisilotoa moshi litozwe sawa na linalotoa?

Majibu ya serikali yalikuja kidogo kidogo. Mwaka 1990 magari ya umeme yalisamehewa ushuru wa usajili kwa muda, na mwaka 1996 msamaha huo ukawa wa kudumu. Mwaka 1997 yaliondolewa tozo za barabara. Mwaka 1999 yaliruhusiwa kuegeshwa bure kwenye maegesho ya manispaa, na mwaka 2001 yakasamehewa VAT.

Kwa nini wanasiasa walikubali? Wanahistoria wa jambo hili hutaja sababu mbili, na si rahisi kuzitenganisha. Ya kwanza ni mazingira: karibu umeme wote wa Norwei ulitokana na nguvu ya maji, kwa hiyo gari la umeme lilihamisha usafiri kutoka kwenye mafuta hadi kwenye mito ya nchi yenyewe. Ya pili ni viwanda. Kampuni ya PIVCO, iliyoanzishwa mwaka 1991, ilikuwa ikiunda gari dogo la watu wawili lenye bodi ya plastiki, ambalo baadaye lilijulikana kwa jina la Think. Ford iliinunua kampuni hiyo mwaka 1999, na kwa muda mfupi ilionekana kwamba Norwei ingekuwa nchi ya kuunda magari. Kwa maoni yangu sababu hii ya pili ilikuwa na uzito zaidi ya inavyokumbukwa leo, kwa maana hotuba za mazingira zilikuwa nyingi katika nchi zote za Ulaya, lakini si kila nchi ilikuwa na kampuni changa ya kuitetea bungeni. Matumaini hayo hayakudumu. Ford iliiuza Think mwaka 2003, na mwaka 2011 kampuni ilifilisika. Misamaha iliyowekwa ikiwa na kiwanda hicho akilini ilibaki, na ikaja kuwanufaisha Wajapani na Wamarekani.

Wananchi nao walionyesha nini katika miaka hiyo? Karibu hawakuonyesha kitu. Magari yaliyopatikana yalikuwa madogo, ya polepole, yenye betri zilizodhoofika kwenye baridi kali, na hadi mwaka 2010 nchi nzima ilikuwa na magari ya umeme elfu chache tu. Ukimya huo ulikuwa na faida yake. Kwa kuwa wanufaika walikuwa wachache, hazina haikupoteza fedha nyingi, na hakuna waziri aliyeona haja ya kugombana ili kuifuta misamaha. Ilikaa kwenye vitabu vya sheria kwa muda mrefu ikimngoja mnunuzi.

Kitu cha kwanza kilichomtikisa mnunuzi hakikuwa kodi, bali foleni. Mwaka 2003 magari ya umeme yaliruhusiwa kwa majaribio kupita kwenye njia za mabasi katika eneo la Oslo, na mwaka 2005 ruhusa hiyo ikaenea nchi nzima. Magharibi ya Oslo, katika Asker na Bærum, wanaishi watu wengi wenye kipato kizuri wanaoingia mjini kila asubuhi kwa barabara ya E18. Mtu wa huko aliyekuwa na gari kubwa la petroli alikaa kwenye foleni huku akimwona jirani yake, ndani ya kijigari cha plastiki, akipita kando yake pamoja na mabasi. Wengi walinunua gari la pili kwa sababu hiyo moja.

Kisha magari yenyewe yakabadilika. Nissan Leaf iliingia mwaka 2011, ikiwa gari la kweli la familia. Mwaka 2013 ikaja Tesla Model S, gari la fahari lisilotozwa ushuru wala VAT, na Septemba mwaka huo ndilo lililouzwa zaidi Norwei kuliko gari jingine lolote. Machi 2014 yaliuzwa magari 1,493 ya aina hiyo kwa mwezi mmoja, na rekodi ya Ford Sierra iliyosimama tangu mwaka 1986 ikavunjwa. Misamaha iliyotungwa kwa ajili ya Think ilikuwa sasa inampunguzia bei mnunuzi wa gari la kifahari.

Kuanzia hapo mwitikio wa umma uligawanyika. Wa kwanza kulalamika kwa sauti walikuwa madereva wa mabasi. Njia yao ilikuwa imejaa magari ya umeme saa za asubuhi, na basi lenye abiria hamsini lilichelewa nyuma ya magari yenye mtu mmoja mmoja. Malalamiko hayo yalikuwa ya haki, na yalisikilizwa: mwaka 2015 iliamuliwa kwamba kwenye E18, saa za msongamano, gari la umeme litumie njia ya mabasi iwapo tu dereva amebeba angalau abiria mmoja.

Wa pili walikuwa wachumi. Bjart Holtsmark na Anders Skonhoft waliandika mwaka 2014 kwamba sera hii ilikuwa ghali mno kwa kila tani ya moshi iliyozuiwa, kwamba iliwasukuma watu kumiliki magari mawili, na kwamba iliwafanya waliokuwa wakipanda basi au baiskeli waingie ndani ya gari. Waliotetea sera walijibu kwamba gharama ya mwanzo ndiyo inayolijenga soko, na kwamba vituo vya kuchaji havitajengwa pasipo magari. Nikizipima hoja hizi, naona wachumi walikuwa sahihi kuhusu mgawanyo, kwani matajiri walitangulia kunufaika, lakini walidharau kasi ambayo watu wa kipato cha kati wangefuata.

Swali la tatu lilitoka mbali zaidi, na kwa wasomaji wa Kiswahili liko karibu. Kobalti nyingi ya betri huchimbwa kusini mwa Kongo, katika maeneo ya Kolwezi ambako Kiswahili ni lugha ya sokoni na ya mgodini. Machi 2019, kwenye mkutano wa magari ya umeme uliofanyika Oslo kwenyewe, Kumi Naidoo, aliyekuwa Katibu Mkuu wa Amnesty International, aliwataka watengenezaji waunde betri isiyobeba mateso ya wachimbaji. Lilikuwa deni ambalo hesabu za Oslo hazikuwa zimeliingiza, na bado halijalipwa.

Serikali ilikuwa imeahidi kutogusa misamaha hadi mwisho wa mwaka 2017, au mpaka yafike magari 50,000. Idadi hiyo ilifikiwa Aprili 2015, mapema kuliko ilivyotarajiwa. Kutoa msamaha kulikuwa rahisi; kuurudisha nyuma kukawa kugumu. Katika bajeti ya mwaka 2018 serikali ilipendekeza magari mazito ya umeme yalipiwe kodi ya uzito. Watu wakaibatiza kodi ya Tesla, chama cha wenye magari ya umeme kikapinga, na pendekezo likaondolewa katika majadiliano ya vyama.

Upinzani mkali zaidi, hata hivyo, ulitoka upande mwingine. Miji ilikuwa ikijenga barabara na reli kwa fedha za tozo, na kadiri magari ya umeme yalivyoongezeka bila kulipa, ndivyo mzigo ulivyomwelemea mwenye dizeli kuukuu. Katika uchaguzi wa mitaa wa Septemba 2019, chama kilichoanzishwa kupinga tozo kilipata asilimia 16.7 ya kura mjini Bergen. Si haki kusema kwamba wapiga kura hao walichukia magari ya umeme; wengi wao walikuwa watu wasioweza kununua gari jipya la aina yoyote, waliochoka kulipa kila walipokwenda kazini. Mwaka huohuo magari ya umeme yalianza kulipa sehemu ya tozo mjini Oslo.

Hatua kubwa ya kurudisha kodi ilifika Januari 2023. VAT ilianza kutozwa kwenye sehemu ya bei inayozidi krona 500,000, na kodi ya uzito ikaanza. Gari la krona 600,000 lililipiwa VAT kwenye krona 100,000 za juu, yaani krona 25,000. La krona 400,000 halikuguswa na VAT. Wanunuzi walikimbilia Desemba, na Januari yakasajiliwa magari mapya yasiyofika 2,000 nchi nzima. Waliotabiri kwamba soko limekufa walikosea: mwaka ulipokwisha, sehemu ya magari ya umeme kati ya magari mapya ilikuwa imepanda hadi asilimia 82.

Septemba 2024, kwa mara ya kwanza, magari ya umeme yaliyo barabarani Norwei yaliyazidi ya petroli, ingawa ya dizeli bado yalikuwa mengi kuliko yote. Malalamiko nayo yamehama. Wenye magari walichoka kubeba programu tofauti ya simu kwa kila kampuni ya kuchaji, wakaishinikiza serikali, na tangu Julai 2023 vituo vipya vya kuchaji haraka vinatakiwa kupokea kadi ya kawaida ya benki.