Dungu na Daftari

Wahenga walisema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Methali hii nimeifundisha kwa miaka mingi, na kila mara wanafunzi walinieleza maana yake bila kukosea: mzazi akimlea mtoto vema atakuwa mwema, akimdekeza ataharibika. Hata hivyo, kadiri umri wangu ulivyosonga ndivyo nilivyozidi kujiuliza huyo mlezi anayesemwa na methali ni nani hasa. Je, ni baba na mama peke yao? Siku hizi naamini kwamba mtoto hulelewa pia na mvua, na shamba, na umbali wa kisima, na sheria iliyopitishwa katika ukumbi ambao yeye hatauona. Hayo ndiyo yanayopanga aamke saa ngapi, acheze na nani na ajifunze nini. Nitaeleza jinsi nilivyolifahamu jambo hili, nami nililifahamu kwa kuchelewa.

Nilizaliwa mwaka 1950 katika milima ya Upare. Kwetu nyumba, migomba na mashamba vilikuwa pamoja, na ng'ombe wachache tuliokuwa nao walifungwa nyumbani wakakatiwa majani. Kazi ya mtoto wa kiume ilikuwa kukata majani hayo, kubeba samadi kuipeleka migombani, na kufuatana na wakubwa kufungulia maji ya ndiva zamu yetu ilipofika. Ndiva ni bwawa dogo la kukingia maji, ambayo huelekezwa mashambani kwa mifereji. Shule ya misheni ilikuwa ng'ambo ya bonde, na kengele yake tuliisikia tukiwa nyumbani. Siku ya kuandikishwa niliambiwa nipitishe mkono wa kulia juu ya kichwa nishike sikio la kushoto; vidole vilifika, basi nikahesabiwa kuwa nimetimiza umri. Nilikata majani alfajiri na bado niliwahi shule. Kwa hiyo nilikua nikidhani kwamba mtoto yeyote asiyewahi ni mvivu. Fikra hiyo nilitoka nayo nyumbani, na chuo cha ualimu hakikuiondoa.

Mwezi wa Januari 1970 nilipangiwa kufundisha Ugogo, mkoani Dodoma. Kwa mtu aliyetoka milimani, nchi ile ilikuwa ngeni. Mvua hunyesha msimu mmoja tu, takriban kuanzia Desemba hadi Aprili, nayo mara nyingi huja kwa kusitasita. Wakati ule watu walikaa mbalimbali, kila tembe na mashamba yake ya mtama na uwele kandokando, na zizi la mifugo palepale. Mtoto wa kiume wa miaka mitano au sita alianza kwa kuchunga ndama na watoto wa mbuzi karibu na nyumbani. Akikua alipewa mbuzi na kondoo, na hatimaye ng'ombe. Alimjua kila mnyama kwa rangi na pembe zake, na akikosekana mmoja jioni aligundua bila kuhesabu. Wasichana walikwenda kufukua mchanga katika makorongo wakati wa kiangazi hadi maji yachuruzike, wakayachota kwa kibuyu kidogo kidogo mpaka mtungi ujae. Walisaga nafaka juu ya jiwe, na mara nyingi mdogo wao alikuwa amefungwa mgongoni.

Michezo nayo ilitoka humo humo. Chini ya mbuyu niliwaona wavulana wakifinyanga ng'ombe wa udongo, wakawajengea zizi la vijiti, kisha wakalipana mahari na kubishana kuhusu idadi kama wazee. Sisi Upare tulipokuwa wadogo tulichezea mifereji: tulikinga maji ya mvua kwa matope, tukagawiana zamu. Watoto wa pande zote mbili walikuwa wanaiga dunia waliyoikuta.

Kisha kulikuwa na dungu. Msomaji aliyekulia mjini huenda hajaliona. Dungu ni jukwaa la miti linalojengwa shambani, ambapo mtu hukaa juu na kulinda mazao. Mtama na uwele vilipoanza kutoa punje, watoto walipanda madungu kuamia ndege. Adui mkubwa alikuwa kwelea kwelea, ndege mdogo sana ambaye huja kwa makundi kama wingu. Kundi likitua katika shamba lisilo na mtu, mavuno ya nyumba nzima yanaweza kwenda. Ndege hawa hula zaidi asubuhi na mapema, kisha jioni; jua likiwa kali hupumzika kivulini. Kwa hiyo mtoto aliyekaa juu ya dungu kutoka alfajiri, na kombeo lake na debe la kupiga kelele, hakuwa anacheza. Alikuwa analinda chakula cha mwaka mzima. Wakati familia ilipokaa katikati ya mashamba yake, kazi hii iligawanywa kirahisi. Bibi aliamia akiwa ameketi mlangoni, mama alipiga kelele huku anatwanga, na mtoto akashuka dunguni akaenda zake.

Mwaka 1971 ilikuja Operesheni Dodoma, na watu walianza kuhamishiwa katika vijiji. Mwaka 1973 TANU iliamua kwamba watu wote wa vijijini nchini wawe wamehamia katika vijiji kufikia mwisho wa mwaka 1976. Nia ilikuwa watu wapatiwe shule, zahanati na maji, kwani huduma hizo ni vigumu kuzifikisha kwa watu waliotawanyika. Wako waliohama kwa hiari na wako waliohamishwa kwa nguvu, na si haki kulisema moja tukaacha la pili. Mimi mwenyewe nilifurahi. Nyumba zilipangwa kwa mistari, shule ikawa katikati, na mtoto aliyekuwa akitembea saa mbili kuja darasani sasa alifika kwa dakika kumi.

Nisichokiona ni kwamba mashamba hayakuhama. Watu walikuja kijijini, lakini udongo walioujua na kuusafisha kwa jasho ulibaki kule walikotoka. Pembeni mwa kijiji ardhi haikuwatosha wote. Kwa hiyo umbali uliokuwa kati ya mtoto na shule sasa ulikaa kati ya mtoto na shamba. Bibi hakuweza tena kuamia akiwa mlangoni. Ilibidi mtu mwenye miguu mizuri aondoke usiku, au alale kulekule, na katika nyumba nyingi mwenye miguu hiyo alikuwa mtoto.

Wakati huohuo serikali ilikuwa inatimiza jambo kubwa. Ada ya shule za msingi ilifutwa mwaka 1973. Mwezi wa Novemba 1974 likatoka Azimio la Musoma, lililotaka kila mtoto apate elimu ya msingi kufikia mwaka 1977. Walimu hawakutosha, basi vijana waliomaliza darasa la saba wakafunzwa ualimu vijijini huku wakifundisha. Watu waliwaita walimu wa UPE, wengine kwa dhihaka, lakini bila wao madarasa yangekaa matupu. Wakati wa uhuru shule za msingi zilikuwa na watoto pungufu ya nusu milioni. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 walikuwa zaidi ya milioni tatu. Wasichana waliokuwa wakihesabika kwa vidole katika darasa sasa walijaza madawati. Kisha Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 ikamfanya mzazi awe na kosa asipomwandikisha mtoto wake au asipohakikisha anahudhuria.

Mimi wakati huo nilikuwa mwalimu mkuu, kijana ambaye hajatimiza miaka thelathini, na daftari la mahudhurio lilikuwa kama msahafu kwangu. Watoto walifika alfajiri kuwahi namba, wakakimbia mchakamchaka, wakafagia, kisha paredi. Mwezi wa Aprili 1979 kijana mmoja wa darasa la nne alikosekana siku sita mfululizo. Aliporudi nilimsimamisha mbele ya wenzake nikamchapa viboko vinne. Nilisema kwa sauti kwamba serikali haijengi shule ili watoto wazurure porini. Yeye hakusema neno.

Kesho yake bibi yake alikuja ofisini kwangu akitembelea fimbo. Alinisalimu kwa taratibu, "Mbukwa, mwalimu," nami nikaitikia na kumpa kiti. Alikaa chini sakafuni.

"Mwanangu," alisema, "mama wa mtoto amejifungua juzi. Baba yake amekwenda kutafuta kibarua kwenye mkonge. Mimi miguu yangu unaiona. Ndege wakija, aende nani?"

Nilimweleza sheria, faida za elimu na wajibu wa mzazi. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Hiyo sheria ni nzuri, mwalimu. Ndege wameshaambiwa?"

Alipoondoka nilitaka kucheka, lakini nilishindwa. Nilikumbuka njaa ya mwaka 1974, tulipokula ugali wa unga wa njano kutoka ng'ambo ambao watu waliuita yanga. Watu waliopita katika njaa ile hawakuwa tayari kumwachia ndege hata suke moja, na ningekuwa mimi ndiye baba yake nisingekuwa tayari.

Jumamosi nilimwomba yule kijana anipeleke shambani kwao. Tulitembea saa moja na nusu. Alipanda dunguni, nami nikapanda kwa taabu. Alilisikia kundi kabla mimi sijaliona. Alipiga ukelele, na mtoto wa dungu la jirani akaupokea, na wa tatu akaupokea, mpaka ndege wakapita juu bila kutua. Alinipa kombeo nijaribu. Jiwe langu lilianguka hatua chache mbele ya dungu. Mtoto yeyote angecheka, lakini yeye hakucheka. Aliokota jiwe jingine akanipa, akatazama pembeni. Wakati ule ndipo viboko vile vinne vilipoanza kuniuma mimi.

Lililoniuma zaidi ni hili. Nikiwa chuoni tulikisoma kijitabu cha Mwalimu Nyerere cha mwaka 1967, Elimu ya Kujitegemea. Humo ameeleza wazi kwamba mihula na saa za shule ya msingi zipangwe ili watoto, kama sehemu ya familia, waweze kushiriki katika mashamba ya wazazi wao. Nilikuwa nimeyasoma maneno hayo, nimeyafanyia mtihani, na nimefaulu. Nilipokabidhiwa daftari nikayasahau.

Tuliitisha kamati ya shule. Wazee walilieleza tatizo kuliko nilivyoweza mimi, na suluhisho lilitoka kwao. Kwa kuwa vyumba havikutosha, madarasa ya chini yalisoma kwa zamu ya asubuhi na zamu ya alasiri. Tukakubaliana kwamba katika miezi ya ndege watoto wa nyumba moja wasiwekwe zamu moja, ili mmoja aamie asubuhi na mwingine jioni. Nyumba isiyo na mtoto wa pili ilisaidiwa na jirani wa shamba. Mkaguzi aliyepita aliniuliza kwa nini nimechanganya orodha zangu. Nilimweleza, akanyamaza kidogo, akasaini kitabu. Mpango ule haukuondoa utoro wote, lakini tangu hapo sikumchapa tena mtoto kwa ajili ya ndege.

Ningependa kumaliza kwa kusema kwamba yule kijana alifaulu. Hakumaliza. Mwaka uliofuata, akiwa darasa la tano, alimfuata baba yake, na jina lake likabaki katika daftari na wino mwekundu hadi mwisho wa mwaka. Sijui kama angebaki iwapo nisingemchapa. Swali hilo nimelibeba zaidi ya miaka arobaini.

Tangu hapo mengi yamepita. Michango ilirudi katika miaka ya 1980 na watoto wengi wakaachwa nyuma. Ada ikafutwa tena kuanzia mwaka 2002, na kuanzia Januari 2016 elimu bila ada ikafika hadi kidato cha nne. Dodoma yenyewe ilitangazwa kuwa jiji mwaka 2018, na mashamba mengi ya pembeni yamepimwa viwanja. Wajukuu zangu wanaishi mjini. Yule wa miaka saba huamshwa saa kumi na nusu usiku ili awahi basi la shule, hurudi jioni, na baada ya chakula hufundishwa tena masomo yaleyale. Hajui ndege yeyote kwa sauti yake. Mchezo wake mkubwa ni kupanga viti sebuleni na kuwa kondakta wa basi. Nikimtazama nawakumbuka wale wa ng'ombe wa udongo, kwani naye anaiga dunia aliyoikuta. Tofauti ni kwamba sisi wakubwa tunauona uchovu wa mtoto wa dungu kuwa ni taabu, na uchovu wa mtoto wa basi tunauita maendeleo.

Sisemi turudi kwenye dungu. Dungu lilimnyima yule kijana elimu, na elimu ilikuwa haki yake. Nasema tu kwamba siku ya mtoto hupangwa na watu wazima, na mara nyingi aliyeipanga hayupo mahali mtoto anapolaumiwa. Kwa vijana walioingia katika kazi hii baada yetu nina ombi moja dogo. Kabla hujaandika kwa wino mwekundu, muulize mtoto aliamka saa ngapi, na alikuwa wapi jua lilipochomoza. Kisha, ukiweza, nenda ukapaone.