Kipande cha Plastiki Kinacholisha Breki Upepo

Ukiinama ukachungulia nyuma ya tairi la mbele la Porsche 911 GT3, utaona kipande cha plastiki nyeusi kimefungwa kwenye wishboni ya chini. Umbo lake ni kama kiganja kilichokunjwa kidogo. Hakina waya wala mota, na unaweza kudhani ni kizuia matope tu. Kumbe kazi yake ni kuukamata upepo unaopita chini ya gari na kuuelekeza katikati ya diski ya breki. Basi, ni hilo tu.

Sasa jiulize: gari la bei kama ile linahitaji kiganja cha plastiki cha nini? Ili kupata jibu tufanye hesabu moja, halafu turudi nyuma hadi Ufaransa ya mwaka 1952.

Hesabu kwanza. Gari la kilo 1,400 likikimbia kilomita 200 kwa saa lina nishati ya mwendo ya megajuli 2.2 hivi. Ukikanyaga breki mpaka lisimame, karibu nishati yote hiyo inageuka joto. Sehemu kubwa inaishia kwenye breki za mbele, kwa sababu gari linapofunga breki uzito wake hulalia mbele. Joto hilo linatosha kuchemsha karibu lita 7 za maji yaliyokuwa na nyuzi 25. Hapo umefunga breki mara moja tu! Kwenye mbio unafanya hivyo kila kona kali, mzunguko baada ya mzunguko. Halafu usisahau: mwendo ukiongezeka mara mbili, joto la kusimamisha gari linaongezeka mara nne.

Joto lisipopata pa kwenda, mambo mawili yanaweza kutokea. La kwanza, pedi zinapoteza mshiko. La pili ni baya zaidi: mafuta ya breki yanachemka. Mafuta ya daraja la DOT 4 yakiwa mapya lazima yavumilie angalau nyuzi 230, lakini yakishanyonya unyevu kiwango kinachotakiwa ni 155 tu. Yakichemka yanatoa mvuke, na mvuke unabonyea. Unakanyaga pedali, inazama mpaka chini, na gari linaendelea na safari yake. Kama umewahi kushuka Kitonga nyuma ya lori lililojaza mzigo, ukasikia ile harufu ya kuungua, basi tatizo hili unalijua kwa pua.

Turudi kwenye historia. Mwingereza Frederick Lanchester alipata hataza ya breki ya diski mwaka 1902, lakini kwa karibu nusu karne magari mengi yaliendelea kutumia dramu. Ubaya wa dramu ni kwamba joto linazaliwa ndani, kama chungu kilichofunikwa. Isitoshe, dramu ikipata moto inatanuka na kuvikimbia viatu vya breki, kwa hiyo dereva analazimika kukanyaga zaidi na zaidi. Diski yenyewe inakaa nje, upepo unaipitia pande zote mbili.

Mwaka 1952 Jaguar walipeleka magari matatu ya C-Type kwenye mbio za saa 24 za Le Mans. Wiki chache kabla, dereva wao Stirling Moss alikuwa ameona kasi ya Mercedes 300 SL kule Italia, akawaambia kiwandani kwamba wanahitaji mwendo zaidi. Pua ya gari ikabadilishwa haraka, ikawa ya chini na laini ili ipasue upepo vizuri. Kilichofuata ni msiba. Mfumo wa kupooza injini haukumudu mabadiliko hayo, joto likapanda, na magari yote matatu yakatoka mapema. Mercedes wakashinda.

Unaona fundisho hapo? Upepo uleule unaokuzuia kwenda mbio ndio unaokupoza. Ukiufukuza wote, unaungua.

Mwaka 1953 Jaguar walirudi wakiwa wameachana na ile pua, na safari hii walikuwa na breki za diski walizozitengeneza pamoja na Dunlop. Kule Le Mans kulikuwa na barabara iliyonyooka ya karibu kilomita 6, na mwisho wake kona kali sana. Wenye dramu walilazimika kuzionea huruma breki zao. Wa Jaguar waliweza kuchelewa kukanyaga, saa baada ya saa. Tony Rolt na Duncan Hamilton walishinda kwa mwendo wa wastani wa karibu kilomita 170 kwa saa, na Jaguar nyingine ikashika nafasi ya pili. Baada ya hapo dramu ilikuwa inahesabu siku.

Mercedes bado walijaribu kuinusuru. Mwaka 1955, gari lao la 300 SLR lilikwenda Le Mans na dramu, pamoja na bamba kubwa nyuma ya dereva lililoinuliwa ili upepo wenyewe ulipunguze mwendo. Mwaka huohuo ajali iliua zaidi ya watu 80 pale uwanjani, na Mercedes wakayatoa magari yao yaliyobaki.

Hatua iliyofuata ilikuwa diski yenye uwazi ndani. Porsche waliiweka kwenye 911 S ya mwaka 1966. Ni kama sahani mbili zilizounganishwa kwa kuta ndogondogo. Ikizunguka inafanya kazi kama feni: inavuta hewa katikati na kuitupa ukingoni. Hapa ndipo unapoelewa kwa nini kile kiganja kinalenga katikati. Ukipuliza ukingoni, unashindana na feni. Ukipuliza uso mmoja tu, upande mmoja unapoa kuliko mwingine.

Lakini ugomvi wa mwaka 1952 haukuisha. Miaka ya 1970 ilipoanza, 911 zilianza kuvaa spoila ya mbele, inayopunguza hewa ya chini ili pua isinyanyuke kwenye mwendo mkali. Hewa hiyohiyo breki zinaitaka! Magari ya mbio hutatua hili kwa kutoboa bampa na kupitisha mabomba makubwa hadi kwenye diski. Kwenye gari la barabarani mabomba hayo yanasumbua: tairi likikata kona yanaweza kusuguliwa. Kiganja kilichofungwa kwenye wishboni hakihitaji bomba. Kinapanda na kushuka pamoja na gurudumu, na kinachota hewa iliyopo. Ndiyo maana wenye 911 za kawaida wanaopenda kukimbiza magari uwanjani hununua viganja vikubwa vya GT3 na kuvifunga kwenye magari yao.

Usidanganyike, hata hivyo. Kiganja kikubwa kinaongeza ukinzani wa upepo, kinachota maji ya mvua pia, na hakiwezi kuyaokoa mafuta ya breki yaliyochakaa. Kwa hiyo kabla hujatamani plastiki ya GT3, jiulize: mafuta ya breki ya gari unalopanda kila siku yalibadilishwa lini?